Sehemu ya Pili Iko Wapi?

Hoja iliyo mezani ni hii: msomaji akishaanza mfululizo wa vitabu, ana wajibu wa kuumaliza. Nimeiandika kwa ukali huo makusudi, maana nikiilegeza kidogo tu kila mtu ataikubali na hapatakuwa na la kujadili. Wasemaji nimewatunga mimi, lakini wanayoyasema ni yale ninayoyasikia kila ninapokaa na watu wanaopenda vitabu. Mwalimu ni mstaafu aliyesomesha fasihi ya Kiswahili, mzaliwa wa Unguja. Mkutubi yuko katika maktaba ya mkoa. Muuza Vitabu ana meza ya vitabu vilivyotumika katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mwanafunzi yuko mwaka wa pili chuo kikuu, na husoma zaidi kwenye simu kuliko kwenye karatasi. Nami nitaingia kati pale nitakapoona suala linapotea.

MWANAFUNZI: Shikamoo, Mwalimu. Naomba nianze, kwa sababu hoja hii imenilenga mimi. Mimi huacha. Nikifika katikati ya kitabu cha pili nikaona mwandishi anarudia yaleyale ya kitabu cha kwanza, nakifunga na sijutii. Muda wangu wa kusoma ni ule wa kwenye daladala na saa moja kabla ya kulala. Kwa nini niutumie kulipa deni ambalo sikukopa?

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Umekopa. Mwandishi amekuonyesha watu, ukawapenda, ukataka kujua wataishia wapi. Ukiondoka katikati unabaki na nusu ya fikra yake, kisha unakwenda barazani kusema kwamba fulani umemsoma. Sisi tulifundishwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

MWANAFUNZI: Na kama mwandishi mwenyewe hajayaoga? Kuna wenzangu walioanza vitabu vya George R. R. Martin, vile vilivyozaa tamthilia ya Game of Thrones. Cha kwanza kilitoka 1996. Cha tano kilitoka 2011. Cha sita wanakisubiri hadi leo. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: sianzi mfululizo mpaka uwe umekamilika. Nahakikisha kitabu cha mwisho kipo, ndipo nafungua cha kwanza.

MWALIMU: Wasomaji wote wangekuwa na utaratibu huo, tusingempata Bwana Msa mara ya pili.

MWANAFUNZI: Kwa vipi?

MWALIMU: Muhammed Said Abdulla alishinda na Mzimu wa Watu wa Kale katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957–58, lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Kitabu kikatoka 1960. Cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka 1968. Miaka minane hiyo. Waliomjua Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake mwaka 1960 walikuwa wakiishi katika Unguja ya Sultani, chini ya Mwingereza. Walipokutana naye tena, Mapinduzi yalishapita, visiwa vimeshaungana na Tanganyika, na wasomaji wengine walishahamia ng'ambo. Hakuna aliyewaahidi kwamba kingekuja kitabu kingine. Walikisoma kile kimoja, wakakisifu, wakaazimana mpaka jalada likang'oka. Unadhani mchapishaji wa London angekubali kutoa cha pili kama cha kwanza kingekaa dukani kikisubiri mfululizo utimie?

MWANAFUNZI: Hapo sina jibu.

MWALIMU: Tazama na mwendo uliofuata. Duniani Kuna Watu, 1973. Siri ya Sifuri, 1974. Mke Mmoja Waume Watatu, 1975. Mwana wa Yungi Hulewa, 1976. Vinne katika miaka minne! Halafu kimya tena mpaka Kosa la Bwana Msa, 1984. Vitabu saba katika miaka ishirini na minne. Aliyekuwa kijana kitabu cha kwanza kilipotoka, kama angesubiri vitimie ndipo aanze, angeanza akiwa na mvi. Na kuna raha ambayo angeikosa kabisa: ile miaka ya kukisia. Kuzungumza na wenzako Najum, rafiki wa Bwana Msa, atasema nini safari hii, Inspekta Seif atashindwa wapi, Bwana Msa ataona kitu gani ambacho sote tumekipita bila kukitazama. Kusubiri pamoja ni sehemu ya kusoma.

MUUZA VITABU: Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini hao wa miaka hiyo walisoma kimoja kimoja kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Nikueleze ya mezani kwangu. Mtu akija kutaka Joram Kiango wa Ben Mtobwa haulizi kipi cha kwanza. Anauliza, "Unacho kipi?" Nikiwa na Salamu kutoka Kuzimu, anachukua. Nikiwa na Tutarudi na Roho Zetu, anachukua. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni vivyo hivyo: aliyeanza na Njama kabla ya Kufa na Kupona haoni kama amepotea njia. Adui anaingia nchini, shujaa anapata taabu, risasi zinalia, yuko mwanamke ambaye hujui yuko upande gani, na mwisho shujaa yuko hai. Hapo umemaliza. Ben Mtobwa alifariki 2008. Wateja bado wanamtaka Joram wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kitabu cha mwisho ni kipi. Sasa huyo mteja ana deni gani?

MWALIMU: Ana deni la kujua alikotoka huyo shujaa. Ukisoma Kufa na Kupona, cha 1974, unakuta nyaraka za vyama vya ukombozi zimeibwa. Dar es Salaam ndiko ilikokuwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963 hadi 1994. Hofu ile haikuwa ya kubuni. Watu waliishi nayo mitaani. Ukimsoma Gamba kwa mpangilio unaona nchi inavyobadilisha maadui zake.

MUUZA VITABU: Hayo ni ya mwanafunzi wa historia, Mzee. Mteja wangu anasafiri usiku kwenda Mwanza, anataka kitu cha kumfikisha.

Hapa naingia, kwa sababu wazee wangu hawa hawazungumzii kitu kimoja. Kuna mfululizo unaoshikiliwa na mtu: Bwana Msa, Joram Kiango, Willy Gamba, Sherlock Holmes. Kesi hufunguliwa na kufungwa ndani ya kitabu kimoja, na kinachomrudisha msomaji ni hamu ya kukaa tena na mtu anayempenda. Wasomaji wa namna hii hawatafuti mwisho. Arthur Conan Doyle aliwapa mwisho mwaka 1893, akamuua Holmes ili apate nafasi ya kuandika mambo mengine, nao wakaukataa kwa hasira, mpaka mwaka 1903 akalazimika kumrudisha akiwa mzima. Kwa mifululizo hii niko upande wa Muuza Vitabu, tena bila kusita. Mtu akisoma viwili akatosheka, hajamkosea mwandishi, na anayemwita mvivu anamwonea.

Lakini kuna mfululizo mwingine, ambao ni hadithi moja iliyogawanywa katika majalada. Huko ndiko hoja yetu inakoanza kuwa na meno, na huko ndiko ninakotaka mjadala uende.

MWALIMU: Nitakwenda, ila nisiache jambo moja nyuma. Mtoto wa pwani alianza na Juzuu Amma, akapanda juzuu kwa juzuu mpaka akahitimu, na siku ya kuhitimu nyumbani hupikwa na watu hualikwa. Ramadhani ikifika, misikiti mingi husoma juzuu moja kila usiku katika tarawehe ili msahafu utimie mwezi unapokwisha. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuona kitabu kimeachwa katikati asisikie kitu moyoni. Tabia ya kumaliza tunayo tangu utotoni. Ninachoomba ni kwamba tusiiache mlangoni tunapofungua riwaya.

MWANAFUNZI: Nimelelewa hivyo hivyo, Mwalimu. Bibi yangu ndiye aliyenipeleka chuoni, Tanga. Lakini Qur'ani haisomwi ili ujue nini kitatokea mbele. Ukihitimu unaanza upya, maisha yako yote. Riwaya ni maneno ya binadamu, na binadamu anaweza kuchosha. Tukiipa riwaya wajibu wa ibada tutawafukuza watu kwenye vitabu. Shuleni tumeshawafukuza wengi. Vitabu teule vinne, mtihani mmoja, na kila mtu anadai amemaliza, tena kwa kusoma muhtasari. Mtihani ukiisha anavigawa, na hafungui riwaya nyingine. Huko ndiko wajibu ulikotufikisha.

Mwalimu hakujibu hilo, wala mimi sitajaribu kumjibia. Nadhani Mwanafunzi ana haki. Anayemaliza kwa kuogopa hajasoma, na ukitaka kumjengea mtu mapenzi ya mfululizo mrefu lazima umwonyeshe atakachokikuta mbele, wala usimhesabie kurasa. Kwa hiyo nimempisha Mkutubi.

MKUTUBI: Ahsante. Nimewasikiliza na sikupenda neno wajibu hata kidogo. Mimi nitasema kinachopotea. Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe, kwa tafsiri ya Clement Ndulute iliyotoka 1973, ni miongoni mwa vitabu ambavyo watu huvirudisha wakiwa na jambo la kusema, na karibu wote husema jambo lilelile: Ikemefuna. Yule kijana aliyetolewa na kijiji cha jirani kuwa fidia. Akakaa miaka mitatu nyumbani kwa Okonkwo, akamwita baba. Siku ya kuuawa alimkimbilia Okonkwo amwokoe, na Okonkwo akamkata kwa panga, kwa kuogopa kuonekana dhaifu mbele ya wanaume wenzake. Nwoye, mtoto wa Okonkwo, alimpenda Ikemefuna kama kaka yake wa damu. Baadaye Nwoye anawafuata wamisionari, baba yake anampiga, anaondoka nyumbani. Kitabu kinamwacha huko. Msomaji anafunga jalada akiamini kwamba angalau Nwoye amepona. Amepata nyimbo mpya na shule, na amemkimbia baba mkali.

MWANAFUNZI: Hata mimi niliamini hivyo.

MKUTUBI: Ndiyo maana nakuomba uchukue Hamkani Si Shwari Tena. Humo Nwoye ni mzee, anaitwa Isaac, katekista mstaafu. Mwanawe Obi amesoma Uingereza kwa fedha walizochangishana watu wa kwao, na sasa ana kazi ya serikali Lagos. Obi anataka kumwoa Clara, muuguzi, na Clara ni osu, mtu wa ukoo uliotengwa tangu enzi za mababu. Mzee huyuhuyu aliyezikimbia mila za baba yake anaikataa ndoa kwa sababu ya mila hizohizo. Baba na mwana wanazungumza usiku, na katikati ya maneno ya mzee anatokea yule kijana. Miaka mingi mno imepita, Wazungu wanakaribia kuondoka, na Isaac bado anamtaja mtoto aliyemwita Okonkwo baba akauawa kwa mkono huohuo. Anasimulia kwamba alilaaniwa alipoondoka kwao. Anasimulia kwamba alipoletewa habari kuwa baba yake amejinyonga, alikataa kwenda kumzika.

MWANAFUNZI: Alikataa?

MKUTUBI: Alikataa, na anamwambia mwanawe hayo ili ajue yeye mwenyewe alipitia nini kufika alipofika. Hakupona, mwanangu. Aliufunga ule msiba ndani yake akahubiri juu yake maisha yake yote. Usipofika hapo unajua jinsi Ikemefuna alivyokufa. Hujui kifo chake kilifanya nini katika nyumba ile, kizazi baada ya kizazi, mpaka kikamfikia kijana wa Lagos ambaye hakuwahi kumwona. Na wanaofika hapo ni wachache kuliko wanaosoma cha kwanza, wachache mno. Hilo linaniuma.

MWANAFUNZI: Basi kama ni hadithi moja, kwa nini Achebe hakuiweka katika kitabu kimoja? Mtu akikatiza hadithi na kuiweka katika jalada lingine, ametupa ruhusa ya kushuka.

MWALIMU: Si mara zote mwandishi ndiye anayekatiza. Naguib Mahfouz wa Misri aliandika kitabu kimoja kikubwa juu ya familia moja ya Cairo. Alikimaliza kabla ya Mapinduzi ya Julai 1952. Mchapishaji akakiona kinene mno, kikagawanywa vitatu, vikatoka 1956 na 1957, kila kimoja kwa jina la mtaa: Bayn al-Qasrayn, Qasr al-Shawq, al-Sukkariyya. Wazee wa Unguja na jamaa zetu wa Oman wanaosoma Kiarabu wanavijua vizuri. Sasa kile cha kwanza kinafikia mwisho kwa kifo cha Fahmy, kijana wa nyumba ile, katika vuguvugu la 1919 dhidi ya Waingereza. Msomaji anayeshuka hapo amewaacha wenyeji wake katika msiba wala hakurudi kuwahani. Huko mbele mama mtu anazeeka, wajukuu wanakua, wanagawanyika katika siasa. Mahfouz hakukupa ruhusa ya kushuka. Aliyeitoa ni gharama ya karatasi.

MUUZA VITABU: Na mpangilio? Mtu akitaka kusoma vitatu vya Achebe, aanze na kipi? Mshale wa Mungu kwa Kiingereza kilitoka 1964, baada ya Hamkani, lakini mambo yake ni ya zamani, kabla Obi hajazaliwa.

MKUTUBI: Afuate vilivyotoka. Mwandishi aliruka akaenda kwa mjukuu, kisha akarudi nyuma kutazama tena kilichovunjika. Huo mzunguko nao una maana yake.

MWANAFUNZI: Naomba niulize jambo moja, na Mwalimu asinikasirikie. Nilianza Nagona ya Kezilahabi nikapotea kurasa za mwanzo tu. Najua inafuatiwa na Mzingile. Hapo napo niendelee?

MWALIMU: Hapo acha.

MWANAFUNZI: Mwalimu!

MWALIMU: Acha, ukirudie ukifika miaka thelathini. Kezilahabi wa Rosa Mistika, 1971, anasimulia kisa ambacho kila mtu anakifuata. Kezilahabi wa Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, anamtaka msomaji aache kuuliza nani kafanya nini, aulize mwanadamu anatafuta nini. Vitabu vyembamba hivyo, lakini vinahitaji mtu aliyekwisha kupotelewa na kitu. Kuahirisha kitabu na kukitupa kwangu ni mambo mawili. Weka alama ulipofika.

MWANAFUNZI: Kuna na tabia nyingine ambayo hoja yetu haikuifikiria. Vitabu vya Mtobwa, nimebakiza kimoja makusudi. Sikisomi. Mwandishi amefariki, havitakuja vingine, na nikikimaliza hicho basi hakuna tena jipya la Joram duniani.

MUUZA VITABU: Wapo wateja wangu wawili watatu wa namna hiyo. Anakinunua, anakiweka.

MWALIMU: Hilo siliungi mkono. Mwandishi ameandika kurasa zile zisomwe. Kuzifungia kabatini kwa mapenzi ni kuzifungia vilevile.

MWANAFUNZI: Kuna wengine wanaotafutiwa mtu wa kuendeleza. Robert Jordan wa Marekani alifariki 2007 akiwa hajamaliza The Wheel of Time. Brandon Sanderson akapewa kazi, akaufunga mfululizo kwa vitabu vitatu, cha mwisho 2013. Kwa nini Joram asipate mtu wake?

MWALIMU: Jordan aliacha maelezo ya mwisho aliokuwa akiuendea, na mkewe ndiye aliyemchagua huyo mrithi. Bila maelezo kama hayo ungekuwa unaandika Joram wako, wala si wa Mtobwa. Mwache.

Hapo hawakuafikiana, na sidhani kama walihitaji kuafikiana. Kilichonigusa ni kwamba Mwanafunzi, aliyeanza kwa kusema kuacha si kitu kwake, ndiye pekee katika meza ile anayelinda kitabu kisichosomwa kana kwamba ni mtu aliye hai.

MUUZA VITABU: Mmenyamaza wote juu ya jambo ambalo mimi naliona kila siku, kwa hiyo nitalisema. Mtu ananunua kitabu cha kwanza. Wiki inayofuata anarudi: "Kaka, sehemu ya pili iko wapi?" Sina. Anauliza nani anacho. Sijui. Anakwenda maduka yenye vioo, anaonyeshwa vitabu vya shule. Mtasema mtu huyu ameishia njiani?

MKUTUBI: Huyo huja kwangu. Nami nakuta kwenye kadi kwamba kitabu tulikuwa nacho, kikaazimwa, hakikurudi. Au kimerudi, kurasa za mwisho zimechanwa. Nimeona hivyo mara nyingi katika vitabu vya upelelezi, na mwazimaji wa mwisho hujitetea kwamba alivikuta hivyo.

MWALIMU: Tatizo hilo lina mizizi mirefu. Mfululizo wa Bwana Msa wenyewe haukukaa katika nyumba moja. Cha kwanza kilitolewa na East African Literature Bureau, cha pili na Evans Brothers wa London, na vingine na East African Publishing House ya Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na Literature Bureau, iliyokuwa chombo cha nchi zote tatu, haikusalimika. Upande wa Kenya ikabaki Kenya Literature Bureau. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka uleule, ukafunguliwa 1983. Fikiria: mwandishi ni wa Unguja, wasomaji wake wako Unguja, Tanga na Dar, na vitabu vimechapwa Nairobi, ng'ambo ya mpaka uliofungwa.

MUUZA VITABU: Kisha zikaja hadithi za magazetini. Watu walinunua gazeti la wiki kwa ajili ya hadithi. Za Eric Shigongo zilisubiriwa hivyo, na baadhi zikabahatika kuwa vitabu. Lakini ngapi ziliishia kwenye "itaendelea" na gazeti likafa? Msomaji alikuwa tayari. Alikuwa na pesa mkononi.

MWANAFUNZI: Sasa ziko kwenye simu. Mwandishi anarusha sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, bure, kwenye kundi la WhatsApp. Ikifika pazuri anasema anayetaka kuendelea atume fedha kwa simu. Simlaumu, naye anakula. Lakini akibadilisha namba, au kundi likifungwa, hadithi imekwisha hapo. Hakuna nakala mahali popote. Nimelipia hadithi ambazo mwisho wake siujui, na si mimi niliyeziacha.

Haya ndiyo niliyotaka yasemwe, na sasa nitasema langu. Tumezoea kuuzungumzia usomaji kama tabia ya mtu mmoja: huyu ana subira, yule hana, huyu humaliza, yule huacha. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Achebe ananidai nimfuate Nwoye mpaka uzeeni, na ninakubali deni hilo kwa moyo wote, kwa sababu Mkutubi amenionyesha nitakachokosa. Lakini kijana wa Singida aliyempenda Nwoye atakifuata wapi kitabu ambacho hakijachapwa upya, hakimo katika maktaba ya wilaya, wala hakuna mwalimu aliyewahi kumtajia jina lake? Tafsiri hizo zilifanywa. Watu walikaa chini wakazitafuta sentensi moja moja za kumleta Obi katika Kiswahili. Kazi ile ilikamilika, kisha ikaachwa ipotee mikononi mwetu. Aliyeanza na hakumaliza ni mchapishaji anayetoa tena kile cha kwanza kwa sababu kiko katika mtaala, na kuwaacha ndugu zake wafe. Ni wizara inayopanga kitabu kimoja cha mfululizo katika silabasi bila kupeleka vingine hata nakala mbili tatu kwenye maktaba ya shule.

Kwa hiyo hoja niliyoiweka mezani naigeuza. Msomaji wa hadithi moja iliyogawanywa anawajibika kuimaliza, ndiyo, lakini wajibu huo unamshika siku ile tu ambayo kitabu cha pili kimewekwa mahali anapoweza kukifikia.

MWALIMU: Naunga mkono, na nina la kuongeza kwa wachapishaji. Wakitoa tena Bwana Msa, watoe vyote saba, kwa jalada la aina moja, na nyuma ya kila kimoja waorodheshe vingine kwa mfuatano. Msomaji wa leo anashika Siri ya Sifuri hajui hata kama ina ndugu.

MKUTUBI: Mimi nitaviweka pamoja rafuni. Anayeazima Shujaa Okonkwo nitampa na Hamkani mkono uleule, bila kumuuliza.

MUUZA VITABU: Wewe unaazimisha, dada. Mimi nikivifunga viwili kwa kamba havitoki. Mtu ana pesa ya kimoja. Nifanyeje?

MKUTUBI: Andika jina la cha pili kwa penseli ndani ya jalada la kwanza.

MUUZA VITABU: Hilo naliweza.

MWANAFUNZI: Mimi bado siikubali hoja kama ilivyoandikwa, hata baada ya kugeuzwa. Nitaendelea kuacha vitabu vinavyonichosha, viwe vimegawanywa au havikugawanywa. Ila huyo Isaac nataka kumsikia mwenyewe akizungumza na mwanawe. Kaka, unacho Hamkani?

MUUZA VITABU: Ninacho kimoja. Hakina jalada.

MWANAFUNZI: Kurasa za mwisho zipo?

MUUZA VITABU: Zipo zote. Nilizikagua kabla sijakinunua.